Mwongozo kamili: kufukua historia ya kijiji kimoja cha Lincolnshire, hatua kwa hatua

Kila baada ya wiki chache napigiwa simu yenye swali lile lile: historia ya kijiji fulani cha Lincolnshire, kaunti ya mashariki mwa Uingereza, naipataje? Mtu anakaa Boston au karibu na Skegness, mwanawe kapewa kazi ya shule kuhusu kijiji chao. Au ni mtafiti wa Zanzibar anayefuatilia mmisionari fulani hadi alikotoka. Ameandika jina la kijiji mtandaoni, akapata picha ya kanisa na bei za nyumba. Akafunga safari hadi Lincoln, kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, akarudi mikono mitupu.

Karibu wote hukwama mahali pale pale: wanaanza na jina la mtu kabla ya kujua mahali, tena wanaanzia zamani kabisa wakija huku. Fanya kinyume chake. Mahali kwanza, watu baadaye, na uanzie jana ukirudi nyuma.

Kijiji chetu cha mazoezi ni Little Steeping, karibu na mji wa Spilsby. Nimekichagua kwa sababu Edward Steere aliteuliwa kuwa kasisi wake mwaka 1862. Ndiye yule aliyekuja kuwa Askofu wa Zanzibar, akajenga kanisa la Mkunazini na kuchapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Maisha yake nayaacha hapo. Sisi tunamtumia kama kigingi cha kufungia kamba.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Penseli mbili na kichongeo. Kalamu ya wino haiingii kwenye chumba cha kusomea nyaraka, hata ikiwa mfukoni tu.
- Daftari lenye mstari katikati: kushoto unaandika ulichokiona, kulia unachokidhania. Usichanganye.
- Simu yenye kamera nzuri na chaji ya kutosha.
- Kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani.
- Akaunti ya bure ya FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo. Tovuti za kulipia kama Ancestry na Findmypast, ulizia kwanza maktaba ya mtaa wako. Maktaba nyingi za umma Uingereza huwaruhusu wasomaji kuzitumia bure wakiwa ndani ya jengo.
- Jumamosi nne au tano. Anayekwambia kazi hii ni ya siku moja hajawahi kuifanya.

## Hatua ya 1: Hakikisha unatafuta kijiji kilicho sahihi

Lincolnshire ilikaliwa na Wadenmark zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na walichoacha ni majina. Vijiji vinavyoishia na *-by* ni zaidi ya 200, na vyenye *thorpe* navyo haviishi. Matokeo yake majina yanagongana: kuna Ashby by Partney, Ashby Puerorum, Ashby de la Launde na West Ashby. Kuna Kirkby on Bain, Kirkby Underwood na East Kirkby. Kaunti hii ina hata kijiji kinachoitwa New York. Na Boston yenyewe ilikuwepo karne nyingi kabla ya ile ya Marekani kuazima jina lake, kwa hiyo ukiandika "Boston" tupu kwenye mtambo wa kutafutia utazama katika habari za Massachusetts.

Steeping nazo ni mbili, Great na Little, na ziko jirani. Mimi mwenyewe nilipoteza asubuhi nzima nikinakili majina ya Great Steeping huku nikishangaa mbona hayalingani na ramani.

Andika juu ya daftari lako: jina kamili la kijiji, mji wa karibu na jina la mtakatifu wa kanisa. Kwa Little Steeping ni Mtakatifu Andrea.

Neno *gate* katika majina ya mitaa ya Lincoln, kama Danesgate au Michaelgate, halina maana ya lango. Ni neno la Kidenmark la zamani lenye maana ya njia. Kuna kijana alizunguka mji akitafuta malango ya kupiga picha.

Umefaulu ikiwa unaweza kukionyesha kijiji kwenye ramani na kumwambia mtu ni kipi, na kipi sicho.

## Hatua ya 2: Jua kiliandikishwa wapi

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mipaka ya leo si mipaka ya nyaraka.

Kuanzia 1889 hadi 1974 Lincolnshire haikuwa na halmashauri moja ya kaunti. Zilikuwa tatu: Lindsey upande wa kaskazini, Kesteven kusini-magharibi na Holland kusini-mashariki. Ukiona "Holland" kwenye orodha ya nyaraka usidhani umefika Uholanzi; ni Spalding, Boston na mashamba yao ya mboga. Mwaka 1974 sehemu ya kaskazini, pamoja na Grimsby na Scunthorpe, ilimegwa ikawa ya kaunti mpya iliyoitwa Humberside. Humberside ikavunjwa mwaka 1996. Kwa hiyo hati za shule ya Grimsby zinaweza kuwa Grimsby kwenyewe, wakati rejista za makanisa yake ziko Lincoln, kwa sababu dayosisi haikufuata mabadiliko ya serikali.

Mji wa Stamford una kituko chake. Upande wa kaskazini wa mto Welland ni Lincolnshire, lakini parokia ya Mtakatifu Martin, ng'ambo ya daraja, zamani ilihesabiwa Northamptonshire. Mtu alihama mtaa, akahama kaunti.

Andika mambo matatu kuhusu kijiji chako: kilikuwa chini ya halmashauri ipi kati ya zile tatu, parokia ipi na wilaya ipi ya usajili. Little Steeping ni Lindsey, na wilaya yake ya usajili ilikuwa Spilsby. Ukikosa hili la tatu utatafuta kizazi au kifo cha baada ya Julai 1837 usikipate, maana kwenye faharasa za serikali jina la kijiji halionekani. Linaonekana la wilaya.

Umefaulu ikiwa majibu yote matatu yameandikwa ukurasa wa kwanza.

## Hatua ya 3: Ramani kabla ya majina

Fungua tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ndiyo, Scotland, wao ndio wameziweka ramani za zamani za Uingereza nzima bure, tena unaweza kuweka ya zamani na ya leo ubavu kwa ubavu. Chagua ile ya inchi sita kwa maili. Vipimo vyake vya kwanza vya Lincolnshire vilichukuliwa miaka ya 1880.

Usikimbilie kanisa. Tafuta kwanza vitu vilivyotoweka: kinu cha upepo, kisima, shimo la udongo wa matofali, kanisa dogo la Wamethodisti, kituo cha treni. Kila kimoja ni swali la kutafutiwa jibu baadaye. Nakili majina ya mashamba kama yalivyo.

Kisha uangalie orodha ya urithi ya kaunti, Lincolnshire Heritage Explorer, uandike jina la kijiji. Humo mmeorodheshwa majengo, mabaki ya makazi na vitu vilivyookotwa. Lincolnshire ina vijiji vingi vilivyohamwa zama za kati, na Gainsthorpe ndicho kinachotajwa zaidi: ukikiona kutoka angani, mitaa na viwanja vya nyumba vimejichora kwenye majani.

Sasa onyo ambalo lingewaokolea wengi muda wao. Kila mwongozo wa historia ya Uingereza unasema "tafuta ramani ya zaka". Ramani hizo zilichorwa kufuatia sheria ya 1836 iliyogeuza zaka za mazao kuwa malipo ya fedha. Lakini vijiji vingi vya Lincolnshire havina ramani hiyo, na havijawahi kuwa nayo. Mashamba yao ya pamoja yaligawanywa kwa sheria za Bunge kabla ya hapo, na wakati wa kugawa, kasisi na wenye haki ya zaka walilipwa ardhi moja kwa moja. Ilipofika 1836 hapakuwa na zaka ya kubadilisha. Ukiikosa ramani ya zaka, usiseme imepotea. Ulizia hati ya mgao wa mashamba, ambayo aghalabu ina ramani yake na orodha ya waliopewa vipande.

Umefaulu ikiwa una ramani moja ya zamani uliyoitia alama na maswali yasiyopungua matano.

## Hatua ya 4: Sensa, ukirudi nyuma

Sensa ya Uingereza hufanywa kila miaka kumi na kufungwa kwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 usiitafute; iliungua mwaka 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na rejista iliyoandikwa 29 Septemba 1939 kwa ajili ya vitambulisho.

Anza na 1921, kisha 1911, 1901, hivyo hivyo hadi 1841. Kwa nini kurudi nyuma? Kwa sababu kila sensa tangu 1851 inakupa umri na mahali pa kuzaliwa, na hizo ndizo ngazi za kukushusha hadi iliyotangulia. Ukianza na ile ya zamani kabisa huna ngazi.

Soma kijiji kizima, si nyumba moja. Karani alitembea nyumba hadi nyumba, na ukifuata mpangilio wa kurasa zake unatembea naye: shamba kubwa, vibanda vya vibarua, mhunzi, kisha nyumba ya kasisi. Kijiji kidogo kina kurasa chache tu. Hesabu kazi za watu. Ukikuta vibarua wengi wa mashambani waliozaliwa vijiji vya mbali, hilo ni jambo la kuandika.

Zoezi: mtafute Steere katika sensa ya 1861, upande wa Skegness, kwani alikuwa kasisi msaidizi huko kabla ya Little Steeping. Kisha 1871, alipokuwa amerudi kutoka Zanzibar kwa muda. Ya 1881 usijisumbue, kazi yake ilikuwa Unguja. Mtu kutoonekana kwenye sensa si dalili ya kifo, na kosa hili la kuzikana kabla ya wakati ni la kawaida mno.

Sensa ya 1841 ina mtego. Kwa watu wazima, makarani walielekezwa kushusha umri hadi tano iliyo chini. Mwenye miaka 34 akaandikwa 30. Usimkatae mtu wako kwa sababu ya miaka minne.

Umefaulu ikiwa familia mbili au tatu zinajirudia kwenye sensa zaidi ya tatu. Hizo ndizo uti wa mgongo wa kijiji chako.

## Hatua ya 5: Rejista za kanisa

Ubatizo, ndoa na maziko viliamriwa kuandikwa mwaka 1538. Rejista nyingi ziliandikwa kwenye karatasi hafifu, na mwaka 1598 ikaagizwa zinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia mwaka wa kwanza wa Malkia Elizabeth, yaani 1558. Baadhi ya makasisi walichukua ruhusa hiyo kwa mikono miwili, wakaiacha miaka ishirini ya mwanzo. Ndiyo maana rejista nyingi zinaanzia hapo. Tarajia pia pengo la miaka ya 1640 na 1650, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na baada yake.

Pengo likikusumbua, ulizia nakala za askofu. Kila kasisi alitakiwa kupeleka nakala ya mwaka kwa askofu wake, na mara nyingi nakala ilipona pale rejista ilipooza.

Kusoma mwandiko ndiyo kazi yenyewe. Mzee aliyesoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu anajua: macho hayatoshi, lazima ulijue neno kabla hujalisoma. Hapa ni vivyo hivyo. *Jno* ni John. *Jas* ni James. *Wm* ni William. *Xpofer* ni Christopher. Ile X ni herufi ya Kigiriki ya jina la Kristo. Jina linaloanza na *ff* mbili ndogo lina F moja kubwa. *Ye* husomwa *the*. Kabla ya 1733 utakutana na Kilatini pia: *filius* ni mwana, *filia* binti, *uxor* mke, *sepultus* amezikwa.

Mbinu yangu: tafuta ukurasa wa miaka ya 1800 wenye majina unayoyajua kutoka kwenye sensa, kisha rudi nyuma muongo kwa muongo. Jicho linazoea lenyewe. Mtu anayeruka moja kwa moja hadi 1580 anafunga kitabu baada ya robo saa.

Halafu tarehe. Mfano wake mzuri uko Lincolnshire hii hii. Isaac Newton alizaliwa Woolsthorpe siku ya Krismasi 1642 kwa hesabu ya Uingereza ya wakati huo. Kwa kalenda ya leo ni 4 Januari 1643. Akabatizwa Colsterworth tarehe 1 Januari, na kwa hesabu yao bado ulikuwa mwaka 1642, kwani mwaka mpya wa hati ulianza 25 Machi. Hivyo kwenye rejista, Aprili 1642 inatangulia Februari 1642. Asiyejua atamwandika mtoto kuwa alizikwa kabla ya kubatizwa.

Watu wa pwani tumezoea kuishi na hesabu mbili tatu za mwaka kwa pamoja, ya Hijria, ya Miladia na ya mwaka kogwa, kwa hiyo hili lisikutishe. Andika tarehe za Januari hadi 24 Machi kwa miaka miwili, 1642/3, na utakuwa salama. Tangu 1752 mwaka ulianza 1 Januari, na Septemba ya mwaka huo ilirukwa siku 11: baada ya tarehe 2 ikaja 14.

Umefaulu ikiwa umeunganisha familia moja kutoka sensa ya 1851 hadi ubatizo wa miaka ya 1700 bila kurukia kizazi.

## Hatua ya 6: Siku ya kwenda Lincoln

Lincolnshire Archives, hifadhi ya nyaraka ya kaunti, iko St Rumbold Street, chini ya kilima chenye kanisa kuu. Usiende hivi hivi. Tafuta katalogi nyumbani, nakili namba ya kila hati herufi kwa herufi, kisha waandikie uulize mambo manne: siku walizofungua, kama lazima uweke nafasi, kitambulisho wanachotaka na malipo ya kupiga picha.

Agiza hati chache. Ukiagiza kumi utasoma mbili. Ningekuwa na siku moja tu ningechagua hati ya mgao wa mashamba, na wosia mmoja wenye orodha ya mali ya marehemu. Orodha hizo ni tamu kupita kiasi: majirani waliingia chumba kwa chumba wakithamini masufuria, magodoro, ng'ombe na ngano iliyo ghalani. Ukiisoma unajua nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, na nani alilala wapi. Wosia za kabla ya 1858 zilipita mahakama za kanisa, ndiyo maana nyingi ziko Lincoln. Za matajiri zenye mali dayosisi mbalimbali zitafute kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London.

Picha ya kwanza ya kila hati iwe ya karatasi yenye namba yake. Nina picha 60 za hati nzuri ajabu ambazo sijui ni za nini.

Umefaulu ikiwa unatoka na hati mbili ulizozielewa.

## Hatua ya 7: Miguu na macho

Sasa ndiyo nenda kijijini. Ukienda mapema unaona mawe. Ukienda sasa unaona majina unayoyajua.

Anza na kuta. Kuzunguka Spilsby makanisa yamejengwa kwa jiwe la mchanga lenye rangi ya kijani, laini, linalomomonyoka. Ndiyo maana yamejaa viraka vya matofali na jiwe la aina nyingine. Kiraka ni tarehe: mtu fulani alilipia. Kusini-magharibi, karibu na Ancaster, jiwe ni la chokaa, jeupe na gumu zaidi.

Ndani tafuta ubao wa majina ya makasisi, uulinganishe na daftari lako. Makaburi ya nje kwa kawaida hayavuki nyuma ya miaka ya 1600 mwishoni, basi usitegemee kumkuta mtu wa 1550. Maandishi yaliyofifia yapige picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa ubavuni, au tumia tochi kwa pembe. Usisugue kwa brashi ya waya, usipake chaki wala unga. Jiwe lile la kijani likichubuka limekwenda.

Na mashine ya kutafutia vyuma iache nyumbani. Kwenye eneo lililolindwa kisheria ni kosa, na kwingine kote unahitaji ruhusa ya mwenye shamba. Ukiokota kitu chenye sura ya hazina, sheria ya 1996 inakupa siku 14 kutoa taarifa.

Umefaulu ikiwa angalau maswali mawili ya ile ramani ya hatua ya 3 yamepata jibu.

## Hatua ya 8: Kuandika

Kurasa mbili zinatosha. Kila sentensi iwe na namba ya hati pembeni. Isiyo na namba ihamie upande wa kulia wa daftari, kule kwa dhana. Hadithi za kijiji, kama njia ya siri ya chini kwa chini kutoka kanisani hadi baa, ziandike ukisema ni hadithi. Karibu kila kijiji kina njia yake ya siri, na sijawahi kuonyeshwa hata moja.

Chapisha nakala tatu. Moja mpe mwenye ufunguo wa kanisa, moja ipeleke maktaba ya mji wa karibu. Ya tatu bakia nayo, na uache nafasi pana pembezoni, kwa sababu ukishampa yule mwenye ufunguo atakupigia simu kukwambia ulipokosea, na kwa kawaida huwa amehifadhi sandukuni picha ambayo hakuna hifadhi yoyote ya nyaraka inayo.